Kamera Isiyobaki Nyumbani

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii huwafaa wengi, lakini sijui kama kuna watu inaowafaa zaidi kuliko wanunuzi wa kamera. Mtu hukaa miezi akilinganisha kamera kwa kamera, akihesabu megapikseli kama mfanyabiashara ahesabuvyo magunia ya mchele, kisha hununua chombo kizito cha fahari ambacho baada ya wiki tatu kimo kabatini, ndani ya mkoba wake, kikingoja harusi. Nyoka hupita kila siku. Fimbo iko nyumbani.

Katika kurasa hizi nataka kuzipima kamera ndogo, zile ambazo mtu anaweza kutembea nazo kila siku kama atembeavyo na funguo zake. Sisemi juu ya kamera za wapiga picha wa harusi wala za waandishi wa habari. Nasema juu ya kamera ya mtu wa kawaida: mwalimu, karani, muuguzi, mama mwenye duka. Hoja yangu ni moja, nami nitaisema mapema ili msomaji asinivumilie bure. Kamera ya kila siku ichaguliwe kwa wingi wa siku itakazokuwa mkononi, na kwa namna itakavyotuacha tuwe watu mbele ya watu. Ubora wa picha yake bora kabisa uje baadaye.

Wazo hili si geni. Mjerumani Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, alikuwa na kifua dhaifu, na kamera nzito za zama zake zilimchosha kuzibeba katika matembezi yake. Kati ya mwaka 1913 na 1914 aliunda kamera ndogo ya chuma iliyotumia filamu ya sinema ya milimita 35. Kamera iliyotokana na jaribio hilo iliingia sokoni mwaka 1925 kwa jina la Leica. Tazama basi: chombo kilichobadili historia ya upigaji picha kilizaliwa kwa sababu mtu mwenye pumzi fupi alitaka mzigo mwepesi.

Mjapani Yoshihisa Maitani wa kampuni ya Olympus aliliendeleza wazo hilo kwa ukali zaidi. Mwaka 1959 ilitoka Pen aliyoibuni, kamera iliyoigawa nafasi ya picha moja ikawa mbili, hata mkanda wa picha 36 ukatoa picha 72. Faraja kubwa kwa mtu wa mshahara mdogo. Mwaka 1979 ikatoka XA, yenye mlango wa kuteleza unaofunika lenzi. Mlango ule ndio fikra yote. Hakuna kifuniko cha kupotea, hakuna mkoba wa ngozi wa kufunguliwa vishikizo. Unausukuma kwa kidole, kamera iko tayari. Unaurudisha, kamera imelala, na funguo zilizomo mfukoni haziwezi kuikwaruza lenzi. Tangu hapo kila kamera ndogo iliyo nzuri imekuwa ikilijibu, kwa namna yake, swali la mlango ule.

Huenda msomaji akauliza: ya nini taabu yote hii? Nenda kafungue albamu ya nyumbani kwenu. Aghalabu utakuta picha za studio, za pasipoti, za harusi, za mahafali na za msiba. Siwadharau wapiga picha wa studio. Hao ndio walioyahifadhi maisha yetu kwa miaka mingi. Kule Zanzibar, Capital Art Studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 imewaachia watu wa kisiwa kile nyuso za mababu zao, tena kwa heshima yote. Lakini studio ni mahali pa kwenda. Mtu huoga, hunyoosha nguo kwa pasi, huenda, hukaa kama alivyoambiwa. Siku ambazo hakwenda hazimo.

Marehemu mama yangu ninazo picha zake tisa. Katika zote tisa amevaa vizuri, amesimama wima, amenyamaza. Hakuna hata moja inayomwonyesha juu ya mbuzi ya kukunia nazi, au akibishana na muuza samaki mlangoni, au amejilaza barazani baada ya adhuhuri, mtandio umemfunika macho. Mama niliyemjua mimi hayumo katika albamu ile. Yumo mama aliyekwenda studio. Basi tunapobishana juu ya kamera gani ni ya kubeba kila siku, tunabishana juu ya nani atakayekumbukwa, na kwa sura ipi. Huo ndio uzito wa jambo hili, na ndiyo sababu sikubali liachiwe matangazo ya biashara.

Pingamizi kubwa linajulikana: simu. Kila mtu anayo, na ina kamera. Pingamizi hili lina nguvu, na soko limelikubali. Kwa hesabu za chama cha watengenezaji kamera cha Japani, mwaka 2010 zilipelekwa sokoni kamera za dijiti zaidi ya milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Zilizomezwa zaidi ni hizi ndogo tunazozizungumzia. Nami nasema wazi kwamba asiye na fedha za kununua kamera asijione amepungukiwa. Simu iliyo mkononi ni bora mara mia kuliko kamera iliyo kabatini.

Hata hivyo simu ina kasoro mbili ambazo wahakiki wa vyombo hivi hawazitaji, kwa kuwa hazipimiki kwa rula. Ya kwanza ni kwamba simu ni benki, ni posta, ni gazeti na ni baraza. Unaitoa ili umpige picha mtoto anayekimbiza tairi, unakuta ujumbe wa mtu anayekudai. Ukiinua macho, mtoto na tairi wameshakata kona. Ya pili ni nzito zaidi. Mtu anapokuona umeinua simu hajui kama unasoma, unampiga picha, au unampeleka sura yake kwa watu mia tatu asiowajua. Kamera haina fumbo hilo. Aliyeinua kamera anasema hadharani: napiga picha. Anayepigwa anaweza kucheka, kujitengeneza ushungi, au kukataa. Katika jamii inayothamini stara, uwazi huo ni sifa ya chombo, tena sifa kubwa.

Sasa tuzipime zenyewe. Kipimo cha kwanza ni mfuko, na mfuko wenyewe uwe wa nguo unayovaa kweli, maana mifuko ya picha za matangazo hatuna. Mfuko wa shati, wa kanzu, wa suruali ya kazini. Na kwa dada zetu, ambao washonaji wamewanyima mifuko, nafasi inayobaki katika pochi baada ya kila kitu kingine kuingia. Olympus mju II, kamera ya filamu ya mwaka 1997, ilikuwa na gramu 135 bila betri. Mtu angeweza kuisahau mfukoni. Ricoh GR III ya mwaka 2019, ya dijiti, ina gramu 257 pamoja na betri na kadi yake, nayo bado huingia mfukoni bila kuivuta suruali sana. Sony RX100 ya kwanza, ya mwaka 2012, inakaribiana nayo kwa gramu 240. Lakini Fujifilm X100VI ya mwaka 2024, ambayo watu wengi waliisubiri kwa foleni, ina gramu 521. Ni kamera nzuri mno, yenye lenzi safi, kioo cha kutazamia kinachofurahisha jicho na mlio mdogo kama wa mtu anayefinya ulimi. Ila haiingii mfukoni. Hutaka kuvaliwa shingoni, na kamera iliyo shingoni huibadilisha mitaa yetu yote. Ghafla wewe ni mtalii au mwandishi wa habari. Watoto wanakuzunguka, wazee wananyamaza, na kile ulichokiona kimekwisha. Kwa safari ningeichukua. Kwa kila siku, hapana.

Kipimo cha pili ni wepesi wa kuwa tayari. Hapa kamera za zamani zinatufundisha. Rollei 35, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, ilimtaka mpiga picha akadirie kwa macho umbali wa kitu kisha aupange kwenye lenzi. Wengine waliona ni usumbufu. Lakini aliyezoea alikuwa ameshapanga mita mbili tangu alipotoka nyumbani, na kwa jua letu, tundu la lenzi likiwa limebanwa, kila kilicho jirani kilitoka bila ukungu. Ricoh wamelihifadhi jambo hilo katika GR: unaweza kuiambia mapema kwamba leo masafa yangu ni mita mbili, kisha ukibonyeza kitufe kwa mkupuo mmoja kamera haibabaiki kutafuta, inapiga. Mashine inayojiendesha yenyewe kwa kila jambo huonekana ina kasi, kumbe kasi yake imo katika kuamua badala yako, na mara nyingi huamua kuulenga ukuta ulio nyuma ya mtu.

Kipimo cha tatu ni lenzi, na hapa najua sitaungwa mkono na wote. Muuzaji atakwambia lenzi inayovuta ni bora kwa kuwa inafanya kazi ya lenzi nyingi. RX100 inavuta, na kwa udogo wake inavuta vizuri. Lakini kuvuta kunamruhusu mtu asimame ng'ambo ya barabara na kumleta mwenziwe kama ndoo kutoka kisimani, bila salamu. Lenzi isiyovuta hukulazimisha kutembea. GR III huona kwa upana wa lenzi ya milimita 28 ya kamera ya filamu. Katika chumba kidogo inawapata wote waliokaa mkekani pamoja na sinia lao, na mtaani inakutaka uwe hatua mbili au tatu kutoka kwa mtu. Anayeuona upana huo umezidi anayo GR IIIx ya mwaka 2021, ya milimita 40. Vyovyote vile, hatua mbili kutoka kwa mtu, kwetu sisi, huwezi kusimama bila kumwamkia. Kamera inayokulazimisha kusema shikamoo kabla ya kubonyeza imekwisha kufanya nusu ya kazi ya picha nzuri.

Kipimo cha nne ni mwanga wetu na rangi zetu. Kipimamwanga cha kamera hakijui kinachotazama. Hujaribu kukifanya kila kitu kiwe na weupe wa wastani. Mtu mweusi akisimama mlangoni na nje kuna jua la saa saba mchana, kamera huona jua, hupunguza mwanga, na uso hugeuka kivuli. Mtu yuleyule akiujaza uso wake fremu nzima, kamera hufikiri kuna giza, huongeza mwanga, na ngozi nzuri ya kahawia iliyoiva hutoka imepauka kama iliyopakwa majivu. Jambo hili halikuanza jana. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la kadi za Shirley, na ngozi nyingine zote zikapimwa kwa ngozi hiyo.

Kwa hiyo mnunuzi wa kwetu hana budi kuuliza swali ambalo huulizwa mara chache dukani: ni wapi pa kuongezea na kupunguzia mwanga, na je, naweza kupafikia kwa kidole kimoja nikiwa naendelea kutazama? XA ilikuwa na kijiti chini ya tumbo lake cha kuongeza mwanga kwa mtu aliyelipa jua mgongo. X100VI ina gurudumu juu, linaloonekana hata kamera ikiwa imezimwa. GR ina kijiti chini ya kidole gumba. Hizo zote zimefaulu. Mju II, kwa uzuri wake wote, iliwashinda wengi hapa: kila unapoufungua mlango wake taa yake hurudi kujiwashia ipendavyo, na usipokumbuka kuizuia humwagia watu mwanga wa ghafla usoni, picha ikatoka kama ya polisi. Unaweza kuifanya ipime mwanga wa mahali padogo tu, lakini kwa kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, vidogo kama punje za mtama.

Kipimo cha tano ni nchi yenyewe: vumbi, chumvi, unyevu na mikono ya watu. GR III haikuzibwa dhidi ya vumbi wala maji, na malalamiko ya siku nyingi dhidi ya kamera za ukoo huu ni kwamba lenzi yake inayoingia na kutoka huweza kulivuta vumbi hadi kwenye kipande kinachopokea mwanga, likabaki kama madoa angani katika kila picha. Mtu wa Dodoma au Garissa alipime hilo. Mtu wa pwani naye ana adui mwingine: kuvu wanaoota ndani ya lenzi kamera ikifungiwa katika ngozi na giza. Na dawa ya kuvu, kwa bahati njema, ni ileile ninayoihubiri: kamera itolewe nje, ipate hewa na mwanga, itumike.

Kuhusu mikono ya watu nitasema neno moja tu. Nunua kamera ambayo ikiibwa utalala. Kamera inayokutia hofu utaiacha nyumbani, na hapo tumerudi kwenye fimbo ya mbali. Kwa sababu hiyo siwafuati wanaozikimbilia kamera za filamu za miaka ya 1990 kama Contax T2, ambazo mtindo na watu mashuhuri wamezipandisha bei hadi zimekuwa mapambo. Filamu nayo ni ghali, na maabara za kuisafisha zimebaki chache. Aliye na XA ya babake, yenye kufanya kazi, aitumie kwa furaha. Asiye nayo asijitese kuitafuta.

Hukumu yangu basi ni hii. Kati ya nilizozitaja, GR III ndiyo inayokaribia zaidi kamera ya kila siku, pamoja na upungufu wake. Haina taa. Betri yake huchoka baada ya picha mia mbili hivi, hivyo ya akiba haiepukiki. Haina tundu la kutazamia, na kioo chake cha nyuma juani hugeuka kioo cha kinyozi: unajiona mwenyewe. Lakini huwaka ndani ya sekunde moja, huingia mfukoni, haiwatishi watu, na hukutaka usogee. Kwa ambaye bei yake ni mzigo, RX100 ya zamani iliyokwisha tumika itamfaa, kwa sharti moja: aiache katika upana wake wa kwanza na asahau kwamba inavuta. Na kwa ambaye hata hiyo ni mbali, simu yake ipo. Aizime sauti na ujumbe, aiite kamera kwa nusu saa kila siku, na amwambie mtu kwamba anampiga picha.

Maana udogo wa kamera si ruhusa ya kuiba. Kuna wanaozisifu kamera hizi kwa sababu hazionekani, na wakaita kutoonekana huko sanaa. Mimi nazisifu kwa sababu nyingine. Kamera ndogo haijengi ukuta kati ya macho ya mpigaji na ya mpigwa. Inashushwa kwa urahisi, mazungumzo yakaendelea. Mwenye kukataa akikataa, aachwe. Mbele ya kambi ya jeshi ibaki mfukoni. Msibani, aulizwe mwenye msiba. Haya hayamo katika kijitabu cha maelekezo cha kamera yoyote, lakini bila hayo hakuna kamera ya kila siku, kwa kuwa watu watakuchoka kabla ya juma kwisha.

Limebaki jambo moja ambalo hakuna kiwanda kitakachotufanyia. Picha isiyochapishwa katika karatasi bado ni ahadi tu. Kadi hupotea, simu huzama, kompyuta hufa na siri zake. Kila mwisho wa mwezi chagua picha kumi, zipeleke zikachapishwe, nusu yake uwape waliomo ndani yake: muuza samaki, fundi baiskeli, shangazi aliyekuwa akichambua mchele. Utaona jinsi wanavyoishika kwa vidole viwili, pembeni, wasiichafue. Halafu mara nyingi huuliza kwa mshangao kidogo: hii uliipiga lini? Wajibu kwamba ilikuwa siku ya kawaida tu, Jumanne.